Korongo Lililoajiri Mtaa Mzima

Nyinyi vijana mnaonijia asubuhi na diploma ndani ya bahasha, mkiuliza kama bado ninajuana na watu wa ofisi ya barabara, kaeni kwanza. Kabla hatujafika kwenye ofisi, nitawaeleza habari za mwajiri mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona hapa Kadutu, Bukavu. Hakuwa mfanyabiashara, hakuwa padri, wala hakuwa serikali. Lilikuwa shimo.

Msicheke bado, mtacheka mbele.

Mimi nilikuwa kapita wa barabara, yaani msimamizi wa kikosi cha watu wenye makoleo, maisha yangu yote ya kazi. Watu hudhani kazi yetu ilikuwa barabara. Kazi yetu ilikuwa maji. Maji yakipangiwa njia yake, barabara hujitunza yenyewe miaka na miaka. Yakikosa njia, hata uimwagie saruji ya nchi nzima, itaondoka tu. Hayo nilifundishwa na Muzee Bahati, kapita aliyenitangulia, mtu mfupi mwenye hasira za karibu, aliyekuwa akitembea mvuani bila mwavuli kwa makusudi. Sisi tukikimbilia kwenye vibaraza, yeye ndiyo kwanza anatoka.

"Mvula njo ingeniere ya huu muji," alikuwa akisema, yaani mvua ndiyo mhandisi wa mji. "Ye njo anakuonyesha fasi maji inapenda kupita. Weye unabaki ku baraza, utajua nini?"

Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: mfereji ulioziba unazibuliwa kuanzia chini kupanda juu. Siku moja Muzee alikwenda matangani Kalehe, nasi tukaona afadhali tuanzie juu, maana kushuka na koleo ni raha kuliko kupanda nalo. Tukazibua. Maji yote yaliyokuwa yamelala huko juu yakashuka, yakafika chini ambako mfereji ulikuwa bado umeziba, yakatafuta mlango wa karibu. Mlango wa karibu ulikuwa wa ukumbi wa harusi. Bwana arusi alitoka na viatu mkononi, bibi arusi amebebwa mgongoni na mjomba wake, na keki mara ya mwisho ilionekana ikielekea ziwani. Muzee aliporudi hakutugombeza. Alitupeleka kwa wenye harusi tukafue shela mpaka irudi kuwa nyeupe. Jaribuni kufua udongo mwekundu wa Bukavu kutoka kwenye shela, halafu mje mniambie habari za maisha magumu.

Turudi kwenye shimo. Juu ya mtaa wetu kuna mtu alijenga duka lake juu ya mfereji. Maji yakakosa njia, yakaruka barabara, yakaanza kuchimba upande wa pili. Hapa kwetu tunaita erozyo. Nyinyi mliosoma vitabu mtaliita korongo. Korongo, wanangu, halikui kwa kushuka tu. Hukua kwa kurudi nyuma, kichwa chake kikiula mlima kuelekea kule maji yanakotoka. Kwa hiyo ukitaka kulizuia, lishike kichwa. Wengi huhangaika na mkia, wanatupa takataka na matairi kule chini, kisha wanashangaa mvua inapowacheka.

Karibu na kichwa hicho palikuwa na nyumba ya Maman Nsimire, mjane mwenye watoto watatu. Nyumba ya mbao na mabati, marehemu mumewe aliijenga kwa mikono yake. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kupinda, kwa sababu korongo lilipokuwa likila mlima juu, lilikuwa likitema mchanga na mawe chini, na wanawake wa mtaa waliteremka kuyaokota, kuyaponda na kuwauzia wajenzi. Maman Nsimire alikuwa wa kwanza kushuka. Korongo lililoikaribia nyumba yake ndilo lililowalisha watoto wake.

"Papa Kapita," aliniambia siku moja, nyundo mkononi, "hii erozyo inanilisha. Ao inaninenepesha tu, ipate kunikula muzuri?"

Niliomba mawe na watu nijenge ukuta pale kichwani. Ombi langu likapanda ofisini, likapanda tena, likafika kwenye baraza la jimbo wakati mbaya kabisa. Lilifika wakati wa mjadala mkubwa wa kazi na kodi.

Wazazi wenu watakumbuka. Kulikuwa na pande mbili. Upande wa Mpango ulisema serikali itoe fedha, iajiri watu, watu wakipata mshahara watanunua na soko litaamka. Upande wa Nafuu ulisema serikali ipunguze kodi, iwaache watu wapumue, na wenyewe wataajiriana. Sitawaambia nani alikuwa na haki. Mimi ni mtu wa mifereji. Mpango uliongozwa na Honorable Placide, bwana wa sauti nene, ambaye hata akiomba chumvi ungedhani anahutubia. Nafuu iliongozwa na Honorable Venansia, mama asiyeweza kumaliza sentensi bila kunyoosha kidole. Wote wawili walikaa Nguba, kando ya ziwa, ukuta kwa ukuta, na watoto wao walicheza pamoja.

Honorable Placide alisema korongo lifukiwe na vijana walioajiriwa na serikali. Honorable Venansia akasema ondoeni kodi ya makoleo, wananchi watalifukia wenyewe. Placide akajibu kwamba koleo bila mshahara ni fimbo tu. Venansia akajibu kwamba mshahara unaotoka mfukoni mwa muuza makoleo ni wizi wenye mhuri. Msimu wa mvua ukaisha, mwingine ukaanza, nasi tunasikiliza redioni. Korongo lilikuwa likisogea, mjadala haukusogea.

Ndipo Honorable Placide akaja kujionea mwenyewe. Alisimama ukingoni na viatu vyake vinavyong'aa, akawaona wanawake chini wanaponda mawe.

"Bamaman, nani alibapatia hii kazi?"

"Ni erozyo, Honorable," Maman Nsimire akamjibu.

Jioni ile tukasikia redioni kwamba hapa Kadutu imezaliwa biashara iliyoajiri mtaa mzima, na kwamba ni matunda ya Mpango, kwa kuwa Mpango ndio uliochelewesha ukarabati wa mfereji kwa makusudi. Kwa makusudi! Na sisi wajinga tulidhani wamesahau.

Kesho yake akaja mtu wa kodi. Alikuwa mpole, shati limepigwa pasi, anamtafuta mwenye kampuni.

"Patron eko wapi?" akaniuliza.

"Patron wa nini?"

"Wa hii erozyo. Inatoa muchanga, inatoa majiwe, iko na batumishi. Haiwezi kosa patron."

"Patron njo mvula."

"Anarudiaka saa ngapi?"

Nilimwonyesha wingu lililokuwa limekaa juu ya milima. Akangoja kwa heshima, amesimama wima kama mtu aliye mlangoni kwa mkubwa. Patron alipofika, alifika na ngurumo, na yule bwana akakimbilia ndani kwa Maman Nsimire, akapewa taulo na kikombe cha chai. Alipokuwa akinywa alisikia ardhi ikidondoka nyuma ya nyumba. Hakurudi tena, lakini korongo lilibaki limeandikishwa kwenye daftari la kodi.

Honorable Venansia aliposikia, aliwaka moto. Yaani mwajiri anayejiendesha mwenyewe, asiyeomba hata senti ya serikali, ndiye anatozwa kodi? Akadai korongo lisamehewe kodi zote, tena liwe mfano kwa waajiri wengine wa jimbo. Hapo pande mbili zikajikuta zinalipenda jambo lile lile, na kwa mara ya kwanza zikapiga kura pamoja: ni marufuku kulifukia, kulizuia wala kulipunguza korongo la Kadutu, kwa maana kufanya hivyo ni kuwanyima wananchi kazi. Waliokuja kunitangazia amri hiyo walinikuta nimeshika koleo. Wakaniambia niliweke chini taratibu.

Wiki ile ile jiko la Maman Nsimire liliondoka. Jiko zima, na sufuria ya maharagi ikiwa motoni. Nilimkuta amesimama anatazama pale lilipokuwa.

"Kazi inanikaribia," alisema. "Sitatembea tena mbali."

Kisha alikaa chini akalia, watoto wakamzunguka. Kilichobaki kati ya shimo na kitanda chao kilikuwa ukuta wa mbao na hatua chache za mtoto mdogo. Niliona aibu kuwa mtu mwenye mikono miwili mizima na kusimama tu. Nilijua cha kufanya, kikosi changu kilijua, na sheria ilikuwa inatutazama.

Kilichotuokoa ni ubishi. Waheshimiwa waliamua mjadala wa mwisho ufanyike pale pale korongoni, mbele ya wananchi na watu wa redio, na kila upande ukataka jukwaa lake. Na jukwaa la serikali katika mji huu hujengwa na nani? Hujengwa na kapita wa barabara.

Nilimwendea Honorable Placide, nikamshauri kwamba mahali pa heshima ni kule juu, kichwani mwa korongo, upande wa kuume, ambapo watu wote watamwona. Tena liwe la mawe, maana mbao ni za wanyonge. Akapenda. Nikamwendea Honorable Venansia, nikamshauri yale yale, upande wa kushoto. Naye akapenda, akauliza tu kama la Placide litakuwa la mawe. Nikasema ndiyo. Akasema basi la kwake liwe la mawe makubwa zaidi. Marufuku ilitaja kufukia, kuzuia na kupunguza. Haikutaja jukwaa.

Mawe tuliyanunua kwa wanawake wa korongo wenyewe. Maman Nsimire hakuniuliza ninajenga nini. Alitazama jinsi miguu ya majukwaa ilivyozama ardhini kupita jukwaa lolote alilowahi kuona, akaendelea kuniletea mawe.

Sikilizeni hapa, maana hili litawafaa hata mkikosa ofisi. Ukuta wa kushika maji haupakwi saruji. Maji yakikosa pa kupenya husukuma, na maji hayachoki. Chimbeni mpaka udongo mgumu, ule ambao koleo linaulalamikia. Jiwe kubwa liwe chini, lilale kwa tumbo lake pana, halafu ukuta wote uegemee mlima kidogo. Nyuma yake mjaze changarawe, na juu mpande matete, kwa sababu mizizi hufanya kazi hata siku ya mgomo.

Jioni moja tulimkamata mtu wa Mpango anapima jukwaa la Nafuu kwa kamba. Asubuhi amri ikaja: "Ongeza." Nikaongeza. Mtu wa Nafuu naye akaja na kamba yake, ndefu zaidi. "Ongeza." Nikaongeza. Miaka yote niliyoomba mawe ya ukuta sikupewa hata la kusimamishia gari. Nilipoyaomba kwa ajili ya fahari, malori yalifuatana mpaka barabara ikafungika. Kisha akaja fundi wa vipaza sauti. Alikuwa na kipaza kimoja chenye waya mfupi, na hakuna aliyekubali kuwa mbali nacho kuliko mwenzake, kwa hiyo nikaambiwa niyasogeze majukwaa mpaka yaguse katikati. Niliyaunganisha vizuri sana. Wala Waheshimiwa hawakutaka kukanyaga matope wakipanda, basi nikawachimbia mfereji mpana kando, nikaupeleka mpaka kwenye mfereji mkuu wa shule unaoshuka ziwani.

Siku ya mjadala mtaa wote ulikuwepo. Honorable Placide alitangaza kwamba Mpango ukishinda, kila mtaa wa Bukavu utapewa erozyo yake. Watu wakapiga makofi. Honorable Venansia alinyoosha kidole akasema wananchi hawahitaji kupewa erozyo na mtu. Kila mmoja awe na uhuru wa kuchimba ya kwake, bila kulipa chochote. Makofi zaidi. Mzee mmoja akainua mkono akauliza kama erozyo ya jirani inaweza kurithiwa. Wakaanza kubishana kuhusu hilo.

Mvua ikaja. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushuka jukwaani, maana ingekuwa kushindwa, kwa hiyo waliendelea chini ya miavuli, kipaza sauti kimefunikwa na mfuko. Maji yalishuka mekundu kutoka juu, yakalipiga jiwe la kwanza la majukwaa, yakapanda kidogo, yakatulia, yakageuka, yakaingia mferejini yakaenda zake. Nilimtafuta Maman Nsimire kwa macho. Alikuwa mlangoni pake, mkono mdomoni. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, lakini Honorable Placide alikuwa anaeleza kwa nini hali lazima ibaki kama ilivyo, basi nikakohoa tu kidogo.

Msimu ule korongo halikusogea hata kidogo. Majani yakaota ndani yake. Na mchanga, bila shaka, ukaisha.

Tume ikaundwa, yenye watu wa pande zote mbili, kuchunguza nani amemfilisi mwajiri wa Kadutu. Haikuwachukua muda. Walitazama majukwaa, wakatazama majani, wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Lakini ili wayabomoe walihitaji mtu aliyeumizwa, basi wakamwita Maman Nsimire.

"Maman, ulikuwa na kazi?" akauliza Honorable Placide.

"Nilikuwa nayo."

"Ilipotea?"

"Ilipotea."

"Sababu ya hizi jukwaa?" akauliza Honorable Venansia, kidole juu.

Maman Nsimire alinitazama. "Njo vile," akasema.

Alisema kweli, na kweli hiyo ingempeleka shimoni na watoto wake. Honorable Placide akasafisha koo, akasema basi majukwaa yabomolewe siku hiyo hiyo, kazi ya maman irudi. Honorable Venansia akaitikia kwa kichwa.

"Muzuri," Maman Nsimire akasema. "Babomoe leo. Lakini nyinyi babili mulale mu nyumba yangu, mvula iko inakuya. Mimi na batoto tutaenda kulala kwenu kule Nguba. Kesho njo tutaongea mambo ya kazi."

Waheshimiwa waliitazama ile nyumba ya mbao. Walitembea mpaka nyuma yake, pale jiko lilipokuwa, wakachungulia. Kisha Honorable Placide akasema suala hili linahitaji kuchunguzwa kwa kina, na Honorable Venansia akasema ndivyo hasa alivyotaka kusema. Waliondoka katika gari moja. Majukwaa yapo mpaka leo, na mbuzi wa mtaa wanayapenda.

Najua mngependa niishie hapo, mnishangilie, muende zenu. Lakini siku iliyofuata Maman Nsimire alikuja nyumbani kwangu asubuhi na mapema.

"Papa Kapita, nyumba iko. Aksanti sana. Sasa unipatie kazi."

Sikuwa nayo. Kikosi changu hakikuwa kimeongezewa mtu tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Aliyekufa hakujazwa, aliyezeeka hakujazwa. Nilimwambia hivyo, macho yangu chini. Nimebeba mawe, nimebeba magunia, nimebeba hata mwenzangu aliyevunjika mguu, lakini hakuna kilichonilemea kama kumwambia yule mama kwamba sina. Akasema sawa. Akachukua jembe lake, akaenda kuzibua ule mfereji wa kando ya majukwaa, maana alijua ukijaa matope maji yatarudi mlangoni pake. Aliuzibua siku hiyo, na baada ya kila mvua. Jioni anauza ndizi mbivu kwenye beseni ili watoto wale. Mimi nikastaafu, yeye anaendelea. Hakuna aliyemwajiri, kwa hiyo hakuna wa kumstaafisha.

Majuzi nilipita kumsalimu. Alikuwa ametoka mferejini, matope mpaka magotini, na redio iko wazi. Tukamsikia Honorable Placide akisema kwamba pale Kadutu kuna mama anayetunza mfereji wa mtaa mzima, na hiyo ni kazi iliyotolewa na Mpango. Akafuata Honorable Venansia. Akasema pale Kadutu kuna mama aliyejiajiri mwenyewe kutunza mfereji, na hiyo ni kazi iliyoletwa na Nafuu. Nilicheka mpaka nikamwaga chai kwenye suruali. Nilipofuta macho nikaona mwenzangu hacheki. Alikuwa anaosha jembe lake, polepole, kwa maji kidogo ya kikombe.

"Papa Kapita," akasema, "kumbe niko na kazi mbili. Ukibaona, ubaombe banilipe moja tu. Ile ingine nabaachia."